Mchanga Mkavu

Namba ile Theodosia aliifuta kwenye simu yake mwaka jana, ila kichwani ilikataa kufutika. Ilipoita asubuhi ya Jumamosi, yeye akipanga chupa za dawa ya minyoo ya mbuzi dukani kwake Kasulu mjini, aliitambua kabla hajaisoma yote. Akaiacha iite hadi ikakata. Ikaita tena. Mwanamke mwenye akili zake angeizima simu, na Theodosia alikuwa na akili zake, lakini alikuwa na kinyongo pia, na kinyongo hupenda kusikiliza.

"Daktari wa mifugo hapa. Nani mwenzangu?"

"Theo, ni mimi."

"Mimi wako wengi."

"Nurudini. Wa Kibondo."

Sauti ni ileile, ya taratibu, yenye kukwaruza kidogo mwishoni mwa maneno. Mwaka mmoja na miezi minne hakuisikia, na bado ilijua njia ya kupita hadi kifuani kwake. Alikasirika na kifua chake kwanza, halafu na mwenye sauti.

"Sema shida yako, nina wateja," alisema. Dukani hapakuwa na hata nzi.

"Ni Nahodha. Anaumwa."

Nahodha alikuwa paka, dume kubwa la rangi ya majivu, lenye mwendo wa mwenye nyumba. Marehemu baba yake Nurudini alimleta kutoka Ujiji akiwa anaenea kwenye kiganja, na mzee alipofariki, paka akahamia miguuni pa mjane, Bi Mwanaheri, akawa hamwachi. Theodosia alimjua vizuri. Nyumba ile ya Kibondo aliingia mara ya kwanza kumchanja paka huyo, yeye akiwa bado mwanafunzi kwenye mazoezi, na kijana aliyemshikia paka siku ile, akapigwa kucha mkono mzima bila kulalamika kwa kuwa macho yake yalikuwa kwa daktari, ndiye huyu sasa kwenye simu.

"Ana nini?"

"Tumbo limefunga. Tangu jana asubuhi anachuchumaa kwenye boksi lake la mchanga, anajikamua, analia, hatoi kitu. Anatoka, anarudi. Mama kampa mawese vijiko vitatu."

Mawese. Kwa watu wa Kigoma hakuna ugonjwa ambao mawese hayajawahi kupelekwa kuutazama. Mtu kala sumu, mawese. Mtoto anakohoa, mawese. Paka anajikamua, mawese. Theodosia akafumba macho.

"Choo kikubwa kapata lini?"

"Jana jioni, baada ya mawese. Kingi tu."

"Basi tumbo halijafunga. Nenda kaguse ule mchanga."

"Niuguse?"

"Kwa mkono. Uniambie umelowa au mkavu."

Alisikia ndara zikiburuzwa, pazia la shanga likigongana, pazia lilelile. Halafu pumzi zake karibu na simu.

"Mkavu," Nurudini alisema. "Mkavu kabisa, Theo. Vilevile nilivyoumwaga jana alfajiri."

"Anajilamba chini ya mkia?"

"Muda wote. Sasa hivi lakini kaacha. Kalala tu, hata nikimwita hageuki. Na alfajiri katapika mara mbili."

Theodosia alikuwa amekwisha kujua. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana, na ukizibwa na vichembe vya mawe, kibofu hujaa hadi kiwe kigumu, sumu ambayo ingetoka na mkojo inarudi kwenye damu, na moyo unasimama. Anayechuchumaa na kulia bado anapigana. Anayelala kimya ameanza kushindwa. Huyu alikuwa na saa za kuhesabu, siku hana.

"Ni hatari?" Nurudini aliuliza. "Maana leo gari la duka nimetakiwa Kasanda kuchukua mzigo. Nimlete Jumatatu?"

Nurudini akamkabidhi kisasi mwenyewe, kama mtu anayempa jirani kisu ashike upande wa mpini.

"Mlete Jumatatu," alisema Theodosia, na akakata simu.

Ilikuwa tamu, tusidanganyane. Alikaa nyuma ya kaunta, akauonja utamu ule wote. Bi Mwanaheri atalia. Atakaa na mwili wa kipenzi chake mapajani, asijue afanye nini, na kwa mara ya kwanza maishani atajua maana ya kungoja kitu ambacho hakiji.

Maana alikuwa amewangojesha watu, yule mama.

Kabla ya siku ile ya posa ya Theodosia na Nurudini, Bi Mwanaheri mwenyewe ndiye aliyetuma neno kijijini Heru Juu kwamba ingawa si desturi mama mzazi kufuatana na washenga, yeye atakuja, aione kwa macho yake nyumba anakotaka kuoa mwanawe. Baba yake Theodosia, mzee Havyarimana, fundi seremala, alifurahi akakosa usingizi. Baba yake mzee huyo alivuka mpaka kutoka Burundi kama mkimbizi mwaka sabini na mbili na mtoto mgongoni. Leo mtoto wa mgongoni ana kitambulisho cha taifa, ana shamba, na mama wa watu kutoka mjini anakuja kwake kwa heshima. Aliposikia kwamba mgeni ana goti bovu, hawezi kuinuka kwenye kiti kifupi, akaingia karakana. Wiki mbili akachonga kiti cha mninga, kirefu kidogo kuliko viti vya kawaida, chenye mikono mipana ya kujiinulia. Mama yake Theodosia akakifumia kitambaa cheupe. Viti vingine arobaini wakaazima kanisani.

Wageni walitakiwa saa nne. Saa sita mzee Havyarimana alikuwa bado amesimama getini na koti lake la suti. Saa nane majirani wakaanza kunong'ona. Simu ya Nurudini haipatikani, ya mama yake inaita haipokelewi. Saa kumi na moja jioni mzee akavua koti, akalikunja, akasema, Kirundi chake cha nyumbani kikichanganyika na Kiswahili, "Mwana wanje, mwanangu, genda uwape watu chakula, kitapoa." Hakusema lingine kuhusu siku ile hadi leo. Baadaye ndipo maneno yalipofika, kupitia kwa wauza mitumba, kwamba Bi Mwanaheri alisema mwanawe hataoa mtoto wa kambini.

Kiti kile mzee hakutaka kukiona. Theodosia alikileta dukani kwake, chumba cha nyuma anakotibia, akakitandikia nailoni na kupanga maboksi ya chanjo juu yake. Mteja hakikalii. Sasa alikuwa anakitazama kupitia mlangoni, na utamu ule ukaanza kumkereketa kooni.

Kwa sababu Bi Mwanaheri atalia, ndiyo, lakini hatajua. Atasema ni kazi ya Mungu. Na Nahodha, ambaye hakuwahi kutuma ujumbe kwamba anakuja Heru Juu, atakufa kwa maumivu ambayo hata adui humwombei, akiwa amelala kimya juu ya mchanga mkavu, kwa kuwa daktari alisema Jumatatu. Hicho si kisasi. Huo ni uuaji wa paka.

Akapiga simu. Ilipokelewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Nimekuambia Jumatatu," alisema. "Nimekudanganya. Hafiki Jumatatu. Jioni ya leo sijui kama anafika. Acha mzigo wa Kasanda, mlete sasa hivi."

"Umenidanganya?"

"Ndiyo. Na wewe unajua kwa nini, kwa hiyo usiniulize ukanipotezea muda. Nisikilize. Msimpe kitu mdomoni tena, si maji, si maziwa, na hayo mawese yafungiwe kabatini. Msimbonyeze tumbo hata kidogo, kibofu kitapasuka. Mlaze kwenye kapu juu ya kanga, kichwa kikae sawa. Na usiendeshe kama mwendawazimu kwenye kona za Makere, sitibu binadamu."

"Theo..."

"Endesha."

* * *

Walifika saa nne na nusu. Theodosia alikuwa ameshachemsha vyombo na kutoa kwenye droo mipira miwili ya mkojo, myembamba, ya paka. Aliinunua Morogoro alipohitimu, na madaktari wenzake wa ng'ombe na mbuzi walimcheka hadi machozi: Kasulu nani atakuletea paka?

Mlango wa nyuma wa gari ulifunguliwa akashuka Bi Mwanaheri, kapu kifuani, buibui limejaa manyoya. Alikuwa amezeeka ghafla. Akachechemea hadi mlangoni, akainua macho, na akasimama.

"Shikamoo, mama," Theodosia alisema. Hasira ni hasira, lakini adabu kafundishwa na mzee Havyarimana.

Bi Mwanaheri hakuitikia. Akamgeukia mwanawe. "Nurudini, ndiyo huyu daktari uliyesema?"

"Ndiyo huyu, mama."

"Hakuna mwingine?"

"Yupo Kigoma mjini," Theodosia alijibu yeye. "Saa moja na nusu zaidi mkiwahi. Paka huyu hana saa moja na nusu. Mama, ugomvi wetu unaweza kusubiri, kibofu hakisubiri."

Akanyoosha mikono. Mikono ya Bi Mwanaheri ilibana kapu, ikabana, halafu ikaachia.

Ndani, tumbo la Nahodha lilikuwa na kitu kigumu kama chungwa bichi. Masikio yake yalikuwa ya baridi. Hakumtambua Theodosia, au alimtambua akakosa nguvu za kuonyesha.

"Nishikie," alimwambia Nurudini. "Shingo hapa, miguu ya nyuma hapa. Kama siku ile."

Hakukusudia kusema siku ile. Nurudini akainua macho, na Theodosia akainamisha yake kwenye sindano ya usingizi. Vichwa vyao vilikaribiana juu ya meza. Nurudini alikuwa amekonda. Mkononi, juu kidogo ya saa, alama tatu nyeupe za kucha zilikuwa zingali pale.

"Mapigo yake yanasemaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Taratibu mno. Hiyo ndiyo sumu." Alichukua mpira wa kwanza, akaupaka jeli, akajaribu. Ukakataa. Akasukuma maji ya chumvi kwa bomba la sindano, polepole, akajaribu tena. Ukakataa.

"Theo, nilitaka kuja siku ile."

"Usitetemeshe mkono."

"Mama alisema nikivuka kizingiti, radhi yake sina. Baba alikuwa na miezi mitatu tu kaburini. Sikuweza."

"Mimi sikukulaumu kutokuja." Aliutupa mpira uliopinda, akachukua wa pili, wa mwisho. "Nakulaumu simu. Baba yangu alisimama juani kwa muda wa saa saba, Nurudini. Neno moja la simu angeketi. Ulishindwa kumwambia mzee wa watu aketi?"

"Niliona haya."

"Ukaona haya, kwa hiyo ukatuachia sisi aibu."

Machozi yake Nurudini yalidondoka juu ya manyoya ya paka. Yeye aliyaona, na mwili wake wote ukataka kuyafuta, na mkono wake ukakaa pale ulipokuwa, kwenye mpira. Akasukuma maji tena. Kitu kama punje ya chumvi kikaachia ndani, akakihisi vidoleni, mpira ukateleza ukaingia.

Mkojo ulitoka mwekundu, mwingi, ukajaza bakuli la kwanza na nusu ya la pili. Tumbo la Nahodha likalegea. Theodosia alisimama kuutazama ukidondoka na hakuona kitu kizuri kuliko hicho mwaka ule mzima.

* * *

"Hajapona," alimwambia Bi Mwanaheri, aliyekuwa bado amesimama mlangoni kwa mguu mmoja. "Mrija wa mkojo uliziba, nimeuzibua. Amewekewa dripu. Mpira utakaa naye, na nikiutoa lazima akojoe mwenyewe, ndipo nitasema amepona. Huenda ni kesho, huenda keshokutwa."

"Na mimi nifanye nini?"

"Ungoje, mama."

Akaingia chumba cha nyuma. Akayashusha maboksi ya chanjo moja moja, akaitoa nailoni, akakibeba kiti cha mninga mwenyewe na kukiweka kando ya meza ya paka. Kitambaa cheupe kilikuwa kwenye droo. Akakitandika, akakinyoosha pembe.

Bi Mwanaheri alijishusha kwa woga, akitegemea maumivu yake ya siku zote. Hayakuja. Akapapasa mikono ya kiti, akajisogeza nyuma, goti likanyooka vizuri. Akapumua.

"Kiti hiki kimenikaa," alisema, karibu ashangae. "Nyumbani kwangu sina kiti kama hiki. Ulikinunua wapi?"

Hapo ndipo Theodosia alipolipata alilolitaka tangu asubuhi, na hakuharakisha.

"Hakikununuliwa. Kilichongwa Heru Juu na baba yangu, wiki mbili. Aliambiwa kuna mama anakuja, ana goti bovu la kushoto. Akapima urefu kwa kukisia. Kitambaa alifuma mama yangu. Ni chako, mama. Tulikuwekea mbele ya wote. Watu mia moja walishinda wanakitazama kikiwa kitupu, kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja jioni."

Bi Mwanaheri aliitoa mikono yake juu ya kiti kana kwamba kimewaka moto. Akataka kuinuka. Akamtazama paka, mpira, dripu inayodondoka, na akabaki.

"Kaa tu," Theodosia alisema. "Mtoto wa kambini hamfukuzi mgeni."

Dunia duara, wahenga hawakukosea, na wala haizunguki haraka. Bi Mwanaheri alikaa pale siku ile hadi giza, akalala kwa ndugu zake mjini, akarudi Jumapili, akakaa tena. Theodosia hakumnunia. Alimletea chai na mihogo ya kuchemsha, akamwamkia, akamjibu alichouliza. Kumbe hakuna adhabu kubwa kuliko kuhudumiwa vizuri na mtu uliyemdhulumu, juu ya kiti alichokuchongea baba yake. Jumapili adhuhuri mama yule alilia, kimya kimya, ncha ya mtandio mdomoni. Theodosia alimwona, akaendelea kuosha vyombo. Alidhani atafurahi zaidi ya alivyofurahi.

Jumatatu asubuhi, Nurudini na mama yake wakitazama, aliutoa mpira. Nahodha alijinyoosha, akajilamba manyoya, akaingia kwenye boksi la mchanga safi alilowekewa. Akachuchumaa. Wote watatu wakasogea kumtazama. Akafukia, akatoka, akaenda kulala juani.

"Gusa, mama," Theodosia alisema.

Bi Mwanaheri aliinama na goti lake, akatia mkono kwenye mchanga bila kuuliza. Ukaganda kwenye vidole, mzito, umelowa.

"Nilikosa, Theodosia," alisema akiwa bado anautazama mchanga. Hakuwahi kumwita jina lake kabla ya hapo, hata mara moja. "Nimemkosea baba yako. Niambie siku, nije Heru Juu nimwambie mwenyewe."

"Jumamosi. Saa nne asubuhi."

"Saa nne nitakuwepo."

"Baba siku hizi Jumamosi yuko shambani. Hurudi saa kumi na moja jioni."

Nurudini aliinua uso. Akahesabu, na mama yake akahesabu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa jumla. Bi Mwanaheri alijifuta mkono kwenye kanga taratibu, kidole kwa kidole.

"Nitangoja," alisema.

Akamchukua paka wake akatoka, na mara hii alisema asante, na Theodosia aliitikia. Nurudini alibaki mlangoni. Jua lilikuwa nyuma yake, na macho yake yalikuwa yale yale yaliyosahau kucha za paka kwa kumtazama mwanafunzi wa mazoezi. Theodosia alimpenda bado. Alilijua hilo tangu simu ilipoita mara ya kwanza, na lilimkera kama kibanzi kidoleni.

"Jumamosi, Theo," alisema polepole. "Na wewe utakuwepo?"

Theodosia alikikunja kile kitambaa cheupe mara mbili, akakiweka juu ya kiti cha mninga, akakibeba kiti hadi mlangoni na kumkabidhi mikononi.

"Kipakie garini ukirudishe kwa baba," alisema. "Jumamosi kiti kitakuwepo."

Akafunga mlango, akaenda kumwaga ule mchanga.